Wapiga Fidla wa Milima ya Norwei

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Norwei, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, kwamba ni nchi ya theluji, ya mabaharia na ya samaki. Habari hizo ni za kweli. Nchi yenyewe ni ndefu na nyembamba, imejaa milima na mawe, na katika kila sehemu mia za ardhi yake ni sehemu kama tatu tu zinazolimwa. Kwa hiyo tangu zamani wakulima wake wameishi mbali mbali, kila jamaa katika shamba lake dogo, huyu bondeni, huyu ukingoni mwa bahari, na wakati wa baridi theluji iliziba njia zote.

Mtu asiyeijua nchi hiyo angedhani kwamba watu waliotawanyika hivyo hawakuwa na nafasi ya kutunga muziki. Walakini katika mashamba hayo hayo ya milimani ilikua namna ya muziki wa fidla ambayo wenyeji wanajivunia mpaka leo. Wapigaji walikuwa wakulima, wasaga nafaka na vibarua, na wengi wao hawakujua kusoma noti hata moja. Waliyoyajua waliyapokea kwa sikio, wakayaweka moyoni.

Jambo la namna hiyo lina hatari yake. Muziki ulio moyoni mwa mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Katika makala hii twamwomba msomaji afuatane nasi kutoka mji wa Bergen ulio pwani ya magharibi, kupitia nchi ya Hardanger, kisha juu ya uwanda wa milima mpaka mkoa wa Telemark, apate kuona jinsi muziki huo ulivyokaribia kupotea, na ni akina nani waliouokoa.

SANAMU YA BERGEN

Bergen ni mji wa bandari, nao unajulikana sana kwa mvua zake. Katikati ya mji uko uwanja mmoja wenye bwawa la maji, na juu ya mawe ya bwawa hilo imesimama sanamu ya mtu apigaye fidla. Mtu huyo ni Ole Bull, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1810 akafariki mwaka 1880. Yeye alikuwa mpiga fidla mashuhuri sana, akasafiri katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, na kila alikokwenda watu walijaa kumsikiliza. Sanamu hiyo ilifanywa na Stephan Sinding, nayo ilisimamishwa mwaka 1901.

Mtu akitazama vizuri ataona kwamba Ole Bull hayuko peke yake. Chini ya miguu yake, pale maji yanapoanguka, ameketi kiumbe mwingine mwenye kinubi. Huyo ndiye Fossegrim, pepo wa maporomoko ya maji. Watu wa kale wa Norwei walisimulia ya kuwa mtu atakaye kuwa fundi wa fidla aende kwenye maporomoko siku ya Alhamisi jioni, hali amechukua nyama ya mbuzi au ya kondoo, aitupe majini huku amegeuza uso. Pepo akipendezwa na nyama hushika vidole vya mwanafunzi na kuvikokota juu ya nyuzi mpaka vitoke damu, na tangu siku hiyo mtu huyo hupiga fidla hata miti ikacheza. Lakini kama mtu ni bahili, akaleta mfupa usio na nyama, pepo humfundisha kukaza nyuzi tu, wala hamfundishi kupiga. Wenyeji walipomsikia mtu akihangaika na nyuzi zake saa nzima bila kupiga cho chote, bila shaka walijua alipeleka mfupa wa namna gani.

FIDLA YENYE NYUZI NANE

Kutoka Bergen msafiri akielekea mashariki hufika Hardanger. Hapa bahari imeingia barani kati ya milima kwa mkono mmoja mrefu wa kilometa kama 179, na kando ya maji hayo wakulima wamepanda matufaha, cheri na matunda mengine, hata wakati wa maua miteremko yote huwa myeupe. Juu ya mashamba ya matunda husimama majabali, na juu ya majabali theluji.

Hapa ndipo ilipotoka fidla iitwayo fidla ya Hardanger. Ya kale kuliko zote zinazojulikana imeandikwa mwaka 1651, nayo yasemekana ilifanywa na Ole Jonsen Jaastad wa Ullensvang, ingawa wataalamu wengine wanautilia shaka mwaka huo. Baadaye, katika sehemu ya Kvam, Isak Botnen aliyefariki mwaka 1759, pamoja na mwanawe Trond, walifanya fidla nyingi sana, na sifa zao zikaenea mbali.

Fidla hii yafanana na fidla ya kawaida ya Ulaya, lakini ina mambo yake. Ya kawaida ina nyuzi nne. Hii ina nyuzi nne juu, na chini yake zimepita nyuzi nyingine nne au tano ambazo upinde hauzigusi kamwe. Upinde ukipita juu ya nyuzi za juu, zile za chini hutetemeka zenyewe na kutoa sauti nyembamba, kama mwangwi usiokoma. Tena kijibao kibebacho nyuzi hakikupindwa sana kama kile cha fidla nyingine, kwa hiyo mpigaji aweza kupiga nyuzi mbili kwa mara moja, mmoja ukiimba na mwingine ukivuma. Asikilizaye nje ya mlango aweza kudhani wapigaji ni wawili au watatu.

Zaidi ya hayo, nyuzi hazikazwi kwa namna moja tu. Ziko namna zaidi ya ishirini za kuzikaza, na kila namna ina lahani zake. Fidla yenyewe hupambwa sana: maua huchorwa kwa wino juu ya ubao, vipande vya gamba la chaza na vya mfupa hutiwa kama nakshi, na mahali pa kichwa huchongwa kichwa cha simba au cha joka, pengine kichwa cha mwanamke. Mkulima asiye na pambo lo lote nyumbani aliweza kuwa na fidla ya namna hiyo ukutani.

Kazi yake kubwa ilikuwa arusini. Arusi ya zamani katika mashamba hayo ilichukua siku kadhaa, na mpiga fidla alikuwa mtu asiyeweza kukosekana. Yeye alitangulia mbele ya bibi arusi njiani kwenda kanisani, akapiga lahani ya maandamano, kisha akapiga wakati wa karamu na wakati wa kucheza usiku kucha. Katika ngoma moja iitwayo halling, kijana mwanamume hucheza peke yake, na mwisho wake huruka juu na kuipiga teke kofia iliyoinuliwa juu ya fimbo. Mpigaji alilipwa na wageni kwa kadiri walivyopendezwa.

KIJANA WA MSAGA NAFAKA

Mashariki ya Hardanger uko uwanda mkubwa wa juu uitwao Hardangervidda, wenye urefu wa zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, usio na miti, makao ya kulungu wa baridi. Mkoa wa Telemark uko upande wa pili wa uwanda huo, na katika karne ya 18 fidla za Hardanger zilifika huko pia, zikapendwa hata kupita kwao zilikotoka. Watu wa Telemark wakawa mafundi wa kuzifanya na wa kuzipiga. Katika karne ya 19 fundi mmoja wa kijiji cha Bø, jina lake Erik Johnsen Helland, alibadili umbo la fidla hiyo, na umbo lake ndilo lifuatwalo mpaka sasa.

Mpigaji mkuu wa Telemark alizaliwa mwaka 1801 katika sehemu ya Sauherad. Jina lake Torgeir Augundsson, lakini kwa kuwa baba yake alikuwa msaga nafaka kwenye kinu cha maji, watu walimwita Myllarguten, maana yake kijana wa msaga nafaka. Yasimuliwa kwamba alisimama nje ya nyumba wazee walimokuwa wakipiga, akasikiliza mara moja, akaenda zake akaipiga lahani ile ile, tena kwa uzuri zaidi. Wengine hawakuamini kwamba mwanadamu aweza kufanya hivyo, wakasema bila shaka amefundishwa na Fossegrim. Kinu kilikuwa karibu na maji, basi hadithi ikapata mahali pa kushika mizizi.

Lahani yake moja ya maandamano ya arusi inajulikana sana. Yasemekana aliitunga wakati mpenzi wake, Kari, alipomwacha akaolewa na mtu mwingine. Wapigaji wa leo bado huipiga, na asikiaye hahitaji kuambiwa kwamba aliyeitunga hakuwa bwana arusi.

Wakati ule Norwei ilikuwa katika hali ya namna ya peke yake. Kwa muda wa miaka kama mia nne ilikuwa chini ya Denmark, na tangu mwaka 1814 iliunganishwa na Uswidi chini ya mfalme mmoja mpaka mwaka 1905. Watu wakubwa wa mijini walisoma Kidenmark na kufuata mitindo ya kigeni, na wengi wao waliona muziki wa wakulima kuwa kelele za watu wa mashambani. Ole Bull hakuona hivyo. Alijifunza lahani kutoka kwa Myllarguten, na mwezi wa Januari mwaka 1849 alimleta katika mji mkuu, ambao wakati ule uliitwa Christiania na leo ni Oslo, akampandisha jukwaani katika ukumbi mkubwa. Mtu wa mashambani alisimama mbele ya mabwana na mabibi wa mji na fidla yake ya nyuzi nane, nao wakamshangilia. Baada ya hayo alipiga katika miji mingine, hata Denmark. Hata hivyo hakuwa tajiri. Miaka yake ya mwisho aliishi katika shamba dogo la Kosi huko Rauland, akafariki mwaka 1872.

MOTO NA MERIKEBU

Siku zile zile ambazo watu wa mji walianza kuisifu fidla, ilikuwa inaondoka katika nyumba za wakulima. Sababu zilikuwa zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ni dini. Katika karne ya 19 palitokea uamsho mkubwa wa dini huko Norwei, na wahubiri walifundisha kwamba fidla ni chombo cha Shetani. Hatuwezi kusema kwamba walitoa maneno hayo hewani. Katika arusi za kale pombe ilinywewa sana, na visu vilichomolewa. Watu wa Hallingdal husimulia habari za arusi moja ambapo wanaume wawili walipigana kwa visu, na msimamizi wa karamu aliposhuka chini kuchota pombe alimkuta Ibilisi mwenyewe ameketi juu ya pipa, anapiga fidla na kupiga mwendo kwa kwato yake. Lahani aliyoisikia huko huitwa Fanitullen, nayo hupigwa mpaka leo. Mahali penye hadithi kama hizo si ajabu mhubiri akiichukia fidla. Basi watu wengi waliotubu walizitia fidla zao motoni kwa mikono yao wenyewe, na wengine wakazitundika wasizishike tena. Kila fidla iliyochomwa ilikuwa hasara, lakini hasara iliyozidi ni kwamba mpigaji aliyenyamaza hakumfundisha mwanawe.

Sababu ya pili ni umaskini. Kati ya mwaka 1825 na miaka ya 1920 watu wapatao laki nane wa Norwei walipanda merikebu kwenda Marekani, kwa sababu mashamba hayakutosha kwa watoto wote. Wapigaji walikuwa miongoni mwao.

Sababu ya tatu ni mtindo. Kodiani iliingia, na pamoja nayo ngoma za valsi na polka zilizotoka nchi nyingine za Ulaya. Kodiani ina sauti kubwa, haina shida ya kukazwa nyuzi, na kijana aweza kujifunza kuipiga upesi. Vijana walitaka ngoma mpya, kama vijana wa kila mahali.

BARUA YA MZEE WA TINN

Sasa tufike Tinn, sehemu ya milima upande wa kaskazini wa Telemark, chini ya mlima Gaustatoppen wenye urefu wa meta 1,883. Hapo alizaliwa Knut Dahle mwaka 1834. Katika ujana wake alijifunza kwa Myllarguten mwenyewe, na kwa Håvard Gibøen, mpigaji mwingine mkuu wa Telemark. Wote wawili walifariki mapema katika miaka ya 1870. Baada ya hapo Knut Dahle alikuwa mmoja wa watu wachache walio hai waliopokea lahani zile kutoka vidoleni mwa wakuu hao.

Knut Dahle alitambua jambo hilo, na hapa ndipo alipowapita wapigaji wengi wa wakati wake. Alijua kwamba akifa, lahani za walimu wake zitakwenda kaburini pamoja naye. Hakujua kuandika noti, lakini aliweza kuandika barua. Mwaka 1888 alimwandikia Edvard Grieg, mtungaji wa muziki aliyejulikana duniani kuliko Mnorwei ye yote, aliyezaliwa Bergen mwaka 1843. Nyumba ya Grieg iitwayo Troldhaugen, na kibanda chake kidogo cha kazi kando ya ziwa, mpaka leo hutembelewa na wageni wengi nje ya mji huo.

Barua hiyo ya kwanza haikuzaa kitu. Miaka ikapita, mzee akazidi kuzeeka. Mwaka 1901 akaandika tena. Mara hii Grieg alishika kalamu. Kwa kuwa yeye alikuwa mpiga piano, alijua kwamba kazi ya kuandika muziki wa fidla yataka mtu ajuaye fidla, basi akamwomba rafiki yake Johan Halvorsen, kiongozi wa wanamuziki katika Jumba la Michezo la Taifa huko Christiania, aifanye. Mwezi wa Novemba mwaka huo mzee wa miaka 67 alisafiri kwenda mji mkuu. Mzee alipiga, Halvorsen akasikiliza na kuandika, mpaka lahani 17 zikakaa juu ya karatasi.

Kisha Grieg alizichukua lahani hizo 17 akazitengeneza kwa piano. Mwaka 1903 zilichapishwa huko Leipzig, Ujerumani, kwa njia mbili: kama Halvorsen alivyoziandika kwa fidla, na kama Grieg alivyozitengeneza. Katika kitabu hicho majina ya Myllarguten na ya Håvard Gibøen yamepigwa chapa juu ya lahani zao. Jina la kijana wa msaga nafaka lilifika hivyo katika maduka ya muziki ya Ulaya, miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake. Halvorsen naye aliipenda fidla ya Hardanger hata akajifunza kuipiga, na mwaka 1905 aliipiga pamoja na wanamuziki wake katika mchezo ulioitwa Fossegrimen.

Knut Dahle aliishi mpaka mwaka 1921. Kabla hajafa aliona jambo jingine la ajabu katika nchi yake ya Tinn. Maporomoko ya Rjukan, yaliyoanguka meta 104 na ambayo wageni walikuja kutoka mbali kuyatazama, maji yake yaliingizwa ndani ya mabomba, na mwaka 1911 kiwanda cha umeme cha Vemork kilianza kazi, nacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani wakati ule. Mji mpya ulijengwa bondeni. Bonde hilo ni jembamba hata mji haupati jua tangu mwezi wa Septemba mpaka Machi, na mwaka 2013 wenyeji waliweka vioo vikubwa juu ya mlima ili vitupe mwanga wa jua katika uwanja wao. Maji ya pepo mwalimu wa fidla yakawa yanazungusha mashine, na mzee aliyebeba lahani za kale alikuwa bado yu hai kuyaona.

KARATASI ISICHOWEZA KUSHIKA

Msomaji atasema: basi kazi imekwisha, lahani zimeandikwa, hazipotei tena. Maneno hayo yana ukweli nusu tu.

Katika Telemark iko ngoma iitwayo springar, ambayo mwendo wake ni wa hatua tatu. Katika vitabu vya muziki hatua tatu huandikwa sawa sawa, kama vipande vitatu vya kamba vilivyopimwa. Lakini mtu wa Telemark hachezi hivyo. Hatua ya kwanza ni ndefu, ya pili ni ya kadiri, ya tatu ni fupi, na mpigaji hupiga mguu chini kufuata mwendo huo. Katika bonde la Valdres mpangilio wake ni mwingine. Mtoto aliyekua akiona wazee wakicheza huujua mwendo huo miguuni kabla hajaweza kuueleza kwa maneno. Mpiga piano wa mbali, mwenye kitabu mbele yake na asiye na la zaidi, atapiga noti zote bila kosa, na mchezaji wa Telemark atasimama tu, asijue aweke mguu wapi.

Kwa bahati njema Knut Dahle hakuiachia karatasi kazi yote. Alikuwa na wajukuu. Mmoja wao, Johannes Dahle, alizaliwa mwaka 1890, akajifunza fidla kwa babu yake, akaendelea kupiga mpaka uzee wake. Ndugu yake Gunnar alifanya vivyo hivyo. Johannes alifariki mwaka 1980, na kabla ya hapo upigaji wake ulikuwa umenaswa katika kanda. Tazama basi: Myllarguten alizaliwa mwaka 1801, na mtu aliyefundishwa na mwanafunzi wake alikuwa hai miaka 179 baadaye. Hapo kati yao yuko mtu mmoja tu.

Baadaye mpiga fidla Knut Buen na mpiga piano Einar Steen-Nøkleberg walitoa santuri ambayo lahani hizo husikika kwa njia zote mbili, kwanza kwa fidla kama wanavyopiga watu wa Telemark, kisha kwa piano kama Grieg alivyoandika. Mtu akisikiliza santuri hiyo ataelewa mara moja kwamba kitabu chahitaji mwalimu aliye hai kando yake.

WALIOSIMAMA KUULINDA

Watu wengine pia waliamka. Mwaka 1888, mwaka ule ule wa barua ya kwanza ya Knut Dahle, wapigaji walishindana mbele ya waamuzi huko Bø, na mwaka 1896 chama kimoja cha Bergen, Vestmannalaget, kilifanya shindano kubwa lililokusanya wapigaji wa sehemu mbali mbali. Mwaka 1923 wapigaji wakaunda chama chao cha nchi nzima. Mpaka leo shindano la taifa hufanywa kila mwaka, mara katika mji huu, mara katika mji ule, na hushindana wakubwa na watoto. Mpigaji akisimama hutaja jina la lahani na pia mtu ambaye lahani hiyo imetoka kwake, kama mtu atajavyo nasaba yake. Haipo aibu kusema, hii nimeipokea kwa fulani. Aibu ni kutokuwa na wa kumtaja.

Redio nayo ilisaidia. Katika miaka ya 1930 Eivind Groven, mtungaji na mpiga fidla aliyezaliwa Telemark mwaka 1901, alisimamia vipindi vya muziki wa kienyeji, na wakulima walisikia fidla zao kutoka ndani ya sanduku. Groven na wenzake pia walikusanya lahani nyingi kutoka kwa wazee, na kati ya mwaka 1958 na 1981 lahani za fidla ya Hardanger zilichapishwa katika vitabu saba vikubwa. Mwaka 1977 chuo kilichopewa jina la Ole Bull kilianza kufundisha huko Voss. Marekani, wajukuu na vitukuu vya wale waliopanda merikebu waliunda chama chao cha fidla hiyo mwaka 1983. Na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuandika muziki, ngoma na uimbaji wa bonde la Setesdal katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Leo fidla ya Hardanger husikika mahali ambapo wazee wale wasingeliweza kufikiri. Katika filamu ya mwaka 2002 itokanayo na kitabu cha pili cha hadithi ya Tolkien, mtungaji Howard Shore aliitumia kwa muziki wa watu wapanda farasi, na mamilioni ya watazamaji waliisikia bila kujua jina lake. Vijana wa Norwei huipiga pamoja na magitaa na ngoma za kisasa. Wazee wengine hulalamika, wengine hufurahi, kama ilivyo desturi ya wazee.

Katika habari hizi yako mambo matatu yafaayo kukumbukwa na mtu ye yote apendaye mila za kwao. Kalamu ilisaidia, maana bila Halvorsen dunia isingelijua lahani hizo. Mashine ya kunasa sauti ilisaidia, maana yashika yale ambayo kalamu huyaacha. Lakini asingelikuwapo mjukuu aliyeketi karibu na babu yake jioni baada ya jioni, akatazama vidole na mguu wake, kitabu na kanda vingalikuwa kama nyumba nzuri isiyo na mtu ndani.

Tena kazi yote ilianzishwa na mzee mwenyewe. Hakungoja mtaalamu abishe hodi mlangoni pake. Barua yake ya kwanza haikufaa kitu, akakaa miaka kumi na mitatu, akaandika ya pili. Ye yote aliye na mzee nyumbani mwenye nyimbo, hadithi au ufundi asioujua mwingine, na ajiulize kama kuna mtoto anayeketi karibu naye. Kama hayupo, kuna kazi ya kufanya jioni ya leo.